Seleni na teluri: sumu yake kwa watu na mifugo. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na ukanda wa Ziwa

Maswali haya huletwa na wafugaji, mafundi maabara wa viwanda vya samaki, wauza pembejeo na watu waliouziwa vidonge vya "kinga". Yameanza na ya msingi, yakaishia na yanayotokea mara chache. Kama una mgonjwa mbele yako sasa hivi, nenda swali la 17. Kama ni mnyama, nenda swali la 11.

## Mambo ya msingi

1. Seleni na teluri ni vitu gani?

Ni elementi mbili za familia moja na salfa. Teluri iligunduliwa mwaka 1782 na Franz-Joseph Müller von Reichenstein, ndani ya mawe ya dhahabu ya Transylvania. Seleni iligunduliwa mwaka 1817 na Jöns Jacob Berzelius wa Sweden. Leo zote mbili hupatikana zaidi kwenye tope linalobaki shaba inaposafishwa. Kwenye lebo utaziona kwa alama Se na Te.

2. Dukani wanasema seleni ni kirutubisho, ninyi mnasema ni sumu. Tumwamini nani?

Wote wawili. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 za seleni kwa siku (mikrogramu 1,000 ni miligramu 1), mjamzito 60, anayenyonyesha 70. Asipopata kabisa anaumia: ugonjwa wa moyo uitwao Keshan, jina la wilaya moja ya China, uliwakumba watoto na kina mama wa maeneo ambayo udongo wake hauna seleni ya kutosha.

Shida ni kwamba nafasi kati ya haja na madhara ni finyu. Marekani waliweka kikomo cha mikrogramu 400 kwa siku, yaani kama mara saba ya mahitaji. Mwaka 2023 Ulaya ilishusha kikomo chake hadi 255, ambayo haifiki hata mara tano. Virutubisho vichache sana vina mpaka wa karibu hivyo.

Teluri haina kazi yoyote inayojulikana mwilini mwa binadamu wala mnyama. Huwezi kupungukiwa nayo.

3. Aina zote zina sumu sawa?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Seleni tupu, ile ya unga mweusi au wa kijivu, haiyeyuki kwenye maji na hupita tumboni bila kufyonzwa sana. Seleniti ya sodiamu na selenati ya sodiamu huyeyuka haraka na ndizo zinazoua mifugo. Hidrojeni selenidi ni gesi inayounguza mapafu hata ikiwa kidogo sana hewani. Salfidi ya seleni iliyomo kwenye shampuu haipenyi ngozi nzima isiyo na jeraha.

Teluri nayo ni hivyohivyo. Kipande cha teluri mkononi si hatari kubwa, lakini teluriti ya sodiamu au ya potasiamu ni sumu kali. Anayeuliza kama seleni inaua aseme kwanza ni aina gani, kiasi gani, na imeingia kwa njia ipi.

4. Sumu hii inafanyaje kazi mwilini?

Kwa kuwa inafanana na salfa, seleni ikizidi huingia mahali pa salfa kwenye protini. Nywele, kucha na kwato zina salfa nyingi, kwa hiyo huanza kuharibika hizo. Mtu aliyezidisha kwa wiki au miezi huona nywele zinakatika kwenye shina, kucha zinapata mistari myeupe na kuvunjika, mdomo una ladha ya chuma, anachoka, anaharisha, na baadaye vidole vinakufa ganzi. Wilayani Enshi, China, kati ya mwaka 1961 na 1964, vijiji vizima vilipoteza nywele na kucha kwa kula mazao ya udongo wenye seleni nyingi.

Teluri huharibu zaidi utando wa mafuta unaofunika neva. Panya wachanga waliolishwa chakula chenye teluri asilimia 1 walipooza miguu ya nyuma kwa sababu teluri ilizuia kimeng'enya kimoja cha kutengeneza kolesteroli, na bila kolesteroli utando huo haujengeki. Wengi walipona na kutembea tena.

5. Ni kweli mtu aliyepata sumu hii hunuka kitunguu saumu?

Ni kweli. Mwili hujaribu kuitoa seleni kwa kuigeuza gesi inayotoka na pumzi. Kwa teluri harufu ni kali zaidi na hung'ang'ania. Katika majaribio ya karne ya 19, mtu aliyepewa miligramu 15 za oksidi ya teluri aliendelea kunuka kwa zaidi ya miezi saba. Wafanyakazi wa viwandani wamewahi kukimbiwa na watu majumbani mwao kwa harufu hiyo, ingawa wao wenyewe walijisikia wazima.

Lakini naomba hili lisikike vizuri. Huku kwetu, mgonjwa au ng'ombe anayenuka kitunguu saumu mfikirie kwanza dawa ya pamba, dawa ya josho, au vidonge vya kufukizia mahindi ghalani. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya organofosfati zina harufu hiyo, gesi ya vidonge vya ghalani inayo, na aseniki vilevile. Organofosfati huleta mate mengi, jasho, mboni za macho zilizosinyaa na misuli inayotetemeka, na ina dawa yake hospitali, atropini, inayookoa maisha ikiwahi. Ukimwambia daktari "nadhani ni seleni" kwa sababu tu umesoma ukurasa huu, unaweza kumpotezea muda. Mwambie ulichonusa na ulichoona, na umpelekee chupa au pakiti uliyoikuta.

## Chakula, maji na vidonge

6. Sangara, sato na dagaa wa ziwa wana seleni ya kutudhuru?

Samaki ni chanzo kizuri cha seleni, na kwa ulaji wa kawaida hakuna sababu ya kuogopa. Anayekula samaki, mayai au nyama mara kwa mara kwa kawaida hahitaji kidonge cha seleni.

Wengine huuliza kama seleni ya samaki "inafuta" zebaki ya machimboni. Seleni na zebaki hushikana kwa nguvu sana, na hilo hupunguza sehemu ya madhara. Haimaanishi kwamba mchimbaji anayevuta mvuke wa zebaki atajikinga kwa kula dagaa au kumeza seleni.

7. Maji ya ziwa na visima je?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 40 kwa lita. Maji ya kisima hutegemea mwamba, kwa hiyo jibu la kisima chako linatoka maabara tu. Kuchemsha hakuondoi seleni. Ila kama maji yako ni ya ziwani moja kwa moja, usiumize kichwa na seleni ukasahau kuchemsha: kipindupindu na homa ya matumbo ndivyo vinavyoua. Kichocho nacho huingia kwa ngozi ukiwa umesimama tu majini.

8. Nimeuziwa vidonge vya seleni kwa ajili ya kinga, tezi dume, au kusaidia ARV. Nimeze?

Kwa tezi dume: utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 2001, wenye wanaume zaidi ya 35,000, uliwapa mikrogramu 200 kwa siku. Seleni haikupunguza saratani ya tezi dume, na vidonge vikasimamishwa mwaka 2008.

Kwa VVU: utafiti ulifanyika hapahapa nchini, Dar es Salaam, kwa wajawazito 913 wenye VVU. Seleni haikushusha virusi wala kupandisha CD4, yaani chembe za kinga, kwa kiwango cha maana. Endelea na ARV zako. Anayekuambia uziache umeze seleni anakuua.

Hatari nyingine ni kiwanda kukosea kipimo. Mwaka 2008 huko Marekani kinywaji cha virutubisho kilitoka na seleni mara 200 ya iliyoandikwa kwenye lebo. Watu 201 waliumia, na zaidi ya 7 kati ya kila 10 walipoteza nywele. Lebo ilikuwa inasomeka vizuri kabisa. Kama umeshaanza vidonge na nywele zinakatika, acha, vibebe, uende kituo cha afya.

9. Shampuu ya mba yenye seleni ni salama kwa mtoto?

Shampuu za asilimia 1 na 2.5 hutumika kwa mba wa kichwani na kwa mabaka ya fangasi mwilini. Ikipakwa kwenye ngozi nzima, ikaachwa dakika zilizoandikwa na kuoshwa, sumu yake ni ndogo. Usiipake kwenye vidonda, usiiache ilale kichwani usiku kucha, na usimpake mtoto mdogo bila kuuliza mfamasia. Panya waliolishwa salfidi ya seleni kwa mdomo walipata uvimbe wa saratani kwenye ini, kwa hiyo chupa ikae mbali na mikono ya watoto.

## Mifugo

10. Nitajuaje kama ng'ombe, mbuzi au nguruwe amezidishiwa seleni?

Ikiwa ni ghafla, kwa kawaida baada ya sindano au chakula kilichochanganywa vibaya, mnyama husimama ameinamisha kichwa, anayumba, anapumua kwa shida, anatoa povu, anaharisha na tumbo linamuuma. Kifo huja ndani ya saa chache au siku chache.

Ikiwa ni polepole, singa za mkia hukatika, kwato hupasuka kwa mstari unaozunguka chini kidogo ya ngozi, na mnyama anachechemea. Nguruwe wanaweza kupooza miguu kwa sababu uti wa mgongo umeharibika.

Kuchechemea peke yake kusikufanye uruke kwenye seleni. Ugonjwa wa miguu na midomo uko kwetu, una malengelenge mdomoni na kati ya kwato, na huenea zizi zima.

11. Nimemchoma ndama sindano ya vitamini E na seleni mara mbili kwa bahati mbaya. Nifanye nini?

Piga simu kwa daktari wa mifugo sasa, na umsomee lebo: miligramu ngapi za seleni kwa kila mililita, umechoma mililita ngapi, ndama ana uzito gani. Mweke kivulini, asiswagwe wala kukimbizwa, kwa sababu moyo na mapafu ndivyo vinavyoshambuliwa. Ondoa jiwe la chumvi na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwenye chakula) yoyote yenye seleni. Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe haipo, daktari atamsaidia mnyama astahimili. Usimnyweshe mafuta, majivu wala maziwa. Mnyama anayehema kwa shida hupaliwa kirahisi.

12. Sindano hizi zinatofautianaje? Jirani alitumia hiyohiyo na hakuna kilichotokea.

Pengine haikuwa hiyohiyo. Chupa zinafanana rangi na ukubwa, lakini moja ina miligramu 1 ya seleni kwa mililita na nyingine ina 5. Tuchukue mfano wa ndama wa kilo 40 na kipimo cha miligramu 0.05 kwa kilo. Anahitaji miligramu 2, yaani mililita 2 za chupa ya kwanza. Ukivuta mililita 2 hizohizo kwenye chupa ya pili umempa miligramu 10, mara tano. Na kama kijana wa zizini alizoea "ng'ombe ni mililita 10", ndama huyo atapata miligramu 50, zaidi ya miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Kiasi cha miligramu 1 kwa kilo kimeshaua ndama, wanakondoo na watoto wa nguruwe.

Wanyama wadogo ndio wanaoumia zaidi, na ndio wanaochomwa zaidi kwa kubahatisha. Wengi huinunua kwa sababu kondo la nyuma lilibaki kwa ng'ombe mmoja, kisha wanaamua kuchoma zizi zima "kwa kinga". Kama hakuna aliyethibitisha kwamba kundi lako lina upungufu, hiyo si kinga.

Anayedhani kosa hili ni la wasiosoma akumbuke Florida, Aprili 2009: farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa baada ya kuchomwa mchanganyiko wa vitamini ambao famasi iliukosea kipimo cha seleni.

13. Nachanganya mwenyewe chakula cha kuku. Nitawezaje kukosea?

Kwa koleo. Nchini Marekani seleni inayoongezwa kwenye chakula cha kuku hairuhusiwi kuzidi miligramu 0.3 kwa kilo. Kwa kilo 100 za chakula hiyo ni miligramu 30, au kama miligramu 66 za seleniti ya sodiamu: chembe zinazotosha kwenye ncha ya ukucha wa kidole cha mwisho. Mizani ya dukani haiwezi kuzipima. Ndiyo maana hupaswi kamwe kununua seleniti tupu, hata ukiambiwa ni rahisi. Nunua premiksi, ambayo tayari imezimuliwa.

Hata premiksi ukiimwaga juu ya rundo la pumba, mashudu na dagaa na kugeuza mara tatu kwenye turubai, fundo litabaki upande mmoja na kuku wa upande huo watakula dozi ya wenzao. Ichanganye kwanza na kilo moja ya pumba laini hadi rangi iwe moja, kisha kilo tano, kisha ishirini, ndipo uimwage kwenye lote. Usitie premiksi mbili za kampuni tofauti kwenye chakula kimoja, maana zote zina seleni.

Kuku wa mayai huonyesha kosa kwenye utotoleshaji kabla ya kuonyesha mwilini. Kuanzia kama miligramu 5 kwa kilo ya chakula, mayai mengi hayatotoi. Vunja yale yaliyobaki: vifaranga vilivyofia ndani vyenye midomo iliyopinda, bila macho au wenye miguu mifupi ni sababu ya kusimamisha chakula hicho leo na kuhifadhi kilo moja ya sampuli.

14. Malisho yetu yanaweza kuwa na seleni nyingi yenyewe?

Inatokea duniani. Katikati ya karne ya 19 daktari wa jeshi la Marekani aliandika kuhusu farasi wa kambi ya Fort Randall waliopoteza singa na kwato, na miongo mingi baadaye ikaonekana chanzo ni mimea ya eneo hilo inayokusanya seleni. Ukishuku, peleka majani na damu maabara ya mifugo. Kununua dawa kwanza ni kupoteza hela.

## Kazini

15. Nafanya kazi maabara ya kiwanda cha samaki. Hizi sumu zinanihusu?

Wewe kuliko karibu kila mtu mwingine Mwanza. Media (chakula cha kuoteshea bakteria) ya kutafutia Salmonella kwenye minofu ya sangara inaweza kuwa ya seleniti, yenye gramu 4 za seleniti ya sodiamu kwa lita. Mrija mmoja wa mililita 10 una miligramu 40 za seleniti, ambamo seleni ni kama miligramu 18. Kwa kikomo cha mikrogramu 400, hicho ni kikomo cha siku 45 ndani ya mrija mmoja. Nayo media ya Staphylococcus, ile inayootesha makoloni meusi, hutiwa teluriti ya potasiamu. Weusi huo ni teluri yenyewe. Maabara za hospitali hutumia teluriti pia kutafuta vimelea vya dondakoo.

Hatari kubwa iko wakati wa kupima unga, kabla haujawa maji. Pima ndani ya kabati la kuvuta hewa, vaa barakoa na glovu, futa mizani kwa kitambaa chenye unyevu, usipulize. Usinyonye pipeti kwa mdomo, desturi ambayo bado ipo mahali pengine. Mjamzito asipime unga wa seleniti. Mwenzake ampokee kazi hiyo. Mabaki yasimwagwe sinki linaloelekea mtaroni na ziwani. Yakusanywe kwenye chombo chenye lebo kama taka za kemikali. Kama menejimenti inasema kabati ni gharama, andikeni ombi kwa maandishi, mbaki na nakala.

16. Machimboni, kwa sonara, kwenye sola na chakavu je?

Teluri hupenda kushikana na dhahabu, na baadhi ya miamba ya dhahabu duniani ina madini ya namna hiyo. Lakini mchimbaji wa Geita au Misungwi anayetetemeka mikono, ana ladha ya chuma mdomoni na hasira za haraka amepatwa, kwa uwezekano mkubwa, na zebaki anayoichoma kwenye kikaango. Tafuta kipimo cha zebaki kwanza.

Kwa sonara na mafundi bunduki kuna vimiminika vya kuifanya fedha au chuma kiwe cheusi. Vingine vina asidi ya seleni, vingine oksidi ya teluri ndani ya asidi. Vile vya asidi ya seleni vimeua watoto waliomeza funda moja tu. Visiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji au soda.

Paneli nyingi za sola ni za silikoni, hazina teluri. Chakavu kisichomwe: moshi una risasi, kadimiamu na mengine mengi mabaya kabla hujafika kwenye seleni.

## Dharura na maswali ya mara chache

17. Mtu amemeza, amevuta au amemwagikiwa. Nifanye nini?

Akimeza: asukutue mdomo, asitapishwe, maana vimiminika vingi vya aina hii ni asidi na vitamuunguza mara ya pili vikipanda. Maziwa hayaondoi sumu hii. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa.

Akivuta gesi: mtoe nje. Hata akisema yuko sawa apelekwe, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Ngozi au macho: vua nguo, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi.

18. Kuna dawa ya kuipoza sumu hii?

Hakuna. Matibabu ni oksijeni, maji ya mishipa, kusimamia moyo na mapafu. Dawa za kuvuta metali mwilini, kama zile za risasi, hazifai hapa na zinaweza kuongeza madhara, kwa hiyo usimshinikize daktari azitoe.

Kwamba teluriti inaua binadamu tunajua kwa tukio lililoandikwa Uingereza mwaka 1946. Wagonjwa watatu walikuwa wanapigwa picha za figo. Badala ya dawa ya iodini, mirija yao ya mkojo ilijazwa teluriti ya sodiamu. Pumzi zao zikanuka kitunguu saumu, ngozi ikawa ya bluu, wawili wakafa.

19. Vipimo vinafanyika wapi, na vinapima nini?

Damu na mkojo huonyesha kilichoingia siku za karibuni, nywele na kucha huonyesha miezi iliyopita. Aliyetumia shampuu ya seleni amwambie daktari, kwa sababu nywele zake zitatoa majibu ya uongo. Kwa Mwanza anzia hospitali, nao wataamua sampuli ipelekwe wapi. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa kwa masuala ya kemikali na sumu.

20. Mbuzi amekufa baada ya sindano. Tunaweza kumla?

Hapana. Ini na figo hubeba seleni nyingi, na mahali alipochomwa kuna dawa ambayo haijasambaa. Mbwa nao wasipewe. Na kama hakuna aliyemwona akichomwa, mnyama amekufa ghafla tu na damu inatoka puani au nyuma, usimchune wala kumpasua: hicho kinaweza kuwa kimeta. Mfunike, wazuie watoto na mbwa, umwite afisa mifugo wa kata kabla ya mtu yeyote kushika kisu.